CL30 au CL36? Jinsi ya kusoma namba za RAM kabla ya kulipa

Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepaa, kwa sababu viwanda vya chipu za kumbukumbu vimegeukia soko la seva za akili mnemba, ambako kuna pesa nyingi zaidi. Desemba 2025 kampuni ya Micron ikatangaza kuachana na Crucial, chapa yake ya RAM na diski za SSD kwa wanunuzi wa kawaida. Mtu anayejiundia kompyuta ya mezani sasa hivi hana tena anasa ya kuchukua RAM "ya juu" bila kufikiri.

Anafika dukani, anakuta pakiti mbili za gigabaiti 32, zote DDR5-6000, yaani RAM ya kizazi cha tano yenye spidi ya 6000. Moja imeandikwa CL30, nyingine CL36, na ya kwanza ni ghali zaidi. Pembeni ipo ya tatu, 6400 CL40. Muuzaji anamwambia achukue yenye spidi kubwa. Rafiki yake kwenye simu anamwambia achukue yenye CL ndogo. Kila mmoja ameshika nusu ya hesabu.

Spidi: namba ambayo saa yake ni nusu

RAM ni meza ya kazi ya prosesa. Diski ni ghala, vitu vinakaa humo hata umeme ukikatika. Kwenye meza vinakaa vile vinavyotumika sasa hivi tu, na ukizima kompyuta meza inafagiwa yote.

Ile 6000 ni idadi ya mara ambazo data inakabidhiwa kwenye kila waya: mara milioni 6000 kwa sekunde. Kipimo chake sahihi ni MT/s, yaani makabidhiano milioni kwa sekunde, ingawa maduka mengi huandika MHz na watu wamezoea. Herufi DDR zina maana kwamba data inakabidhiwa mara mbili katika kila pigo la saa, pigo linapopanda na linaposhuka. Kwa hiyo RAM ya 6000 ina saa inayopiga MHz 3000.

Ugomvi mwingi wa dukani unaanzia hapo. Mteja amenunua DDR4-3200, anafungua programu ya CPU-Z, anaona 1600, anarudi akidai ameuziwa feki. Hajaibiwa. CPU-Z inaonyesha saa, pakiti inaonyesha makabidhiano. Zidisha kwa mbili. Akiona 1066 au 1200, hapo kuna jambo, na tutalifikia.

Spidi inatuambia mzigo unaobebwa. Kila chaneli ya RAM, yaani njia ya data kati yake na prosesa, ina upana wa biti 64, yaani baiti 8. DDR4-3200 inabeba gigabaiti 25.6 kwa sekunde kwa chaneli moja, DDR5-6000 inabeba 48. Ukitumia chaneli mbili, 51.2 na 96. Ni kama kuhesabu abiria ambao basi na mwenzake wanaweza kupeleka kwa siku nzima. Haikuambii abiria wa kwanza alikaa kituoni dakika ngapi.

CL: mapigo ya ngoma, si dakika

Muda wa kungoja ndio unaotafutwa kwenye namba ya pili. CL16 ina maana kwamba ombi la kusoma likishafika, RAM inaacha mapigo 16 ya saa yake yapite ndipo itoe data ya kwanza. Tatizo ni kwamba inahesabu mapigo, haihesabu muda.

Chukua ngoma mbili. Moja inapigwa taratibu, nyingine karibu maradufu ya mwendo wake. Mchezaji wa ngoma ya kwanza ataingia uwanjani baada ya mapigo 16, wa ngoma ya pili baada ya mapigo 30. Nani anatangulia? Huwezi kujibu mpaka ujue kila ngoma inakwenda mbio kiasi gani. Pigo moja la DDR4-3200 linachukua nanosekunde 0.625, mara 16 ni nanosekunde 10. Pigo la DDR5-6000 linachukua 0.333, mara 30 ni nanosekunde 10. Wameingia pamoja.

Kanuni ya haraka, ambayo unaweza kuipiga kwenye simu ukiwa umesimama kaunta: CL mara 2000, gawanya kwa spidi. Jibu ni nanosekunde.

DDR3-1600 CL11: 13.75
DDR4-2666 CL19: 14.25
DDR4-3200 CL22: 13.75
DDR4-3200 CL16: 10
DDR4-3600 CL18: 10
DDR5-4800 CL40: 16.7
DDR5-5600 CL46: 16.4
DDR5-6000 CL36: 12
DDR5-6000 CL30: 10
DDR5-6400 CL40: 12.5
DDR5-6400 CL32: 10

Tazama ile 6400 CL40 aliyosifiwa mteja wetu: inabeba mzigo zaidi kidogo kuliko 6000 CL36, lakini inaanza kujibu baadaye. Tazama pia kwamba DDR3 ya zamani haiko mbali na hawa wapya. Kizazi hadi kizazi kilichokua ni mzigo. Muda wa kungoja umebaki palepale, kwa sababu unatokana na vitu vidogo vya umeme ndani ya chipu ambavyo havijapata mbio zaidi. Kwa hiyo wanaosema DDR5 ni nzito kwa kuwa "CL yake ni 30 wakati DDR4 ni 16" wanalinganisha mapigo ya ngoma mbili tofauti. DDR5 za mwanzo za 4800 CL40 kweli zilichelewa, na sifa hiyo mbaya imeng'ang'ania hadi leo.

Droo iliyofungwa

CL peke yake inadanganya kwa njia nyingine, na hapa ndipo wajuzi wengi wa mtandaoni nao wanateleza.

Kwenye lebo utaona namba nne, kwa mfano 30-36-36-76. Fikiria duka la dawa lenye makabati ya droo. Dawa uliyoiomba ikiwa kwenye droo ambayo tayari iko wazi, mfamasia anachota tu: hiyo ni CL, namba ya kwanza. Droo ikiwa imefungwa, lazima aivute kwanza: hiyo ni namba ya pili, inajumlishwa. Na kwa kuwa kabati moja haliruhusu droo mbili kuwa wazi kwa wakati mmoja, ikiwa iliyo wazi ni nyingine, anaifunga kwanza: namba ya tatu. Ya nne ni muda wa chini ambao droo lazima ibaki wazi. Mnunuzi asijisumbue nayo.

Sasa linganisha pale mambo yanapokuwa mabaya, yaani droo isiyo yenyewe ndiyo iko wazi. RAM ya 6000 yenye 30-36-36 inahitaji mapigo 102, nanosekunde 34. Yenye 36-36-36 inahitaji 108, nanosekunde 36. Lile pengo la CL30 na CL36 lililoonekana kuwa asilimia 20 kwenye pakiti limebaki chini ya asilimia 6. Lakini zipo CL36 nyingine sokoni zenye 36-44-44: mapigo 124, nanosekunde 41. Na zipo CL30 zenye 30-40-40, ambazo zikikuta droo isiyo yenyewe zinatumia nanosekunde 36.7, yaani nyuma kidogo ya ile CL36 nzuri. Soma namba tatu za kwanza zote. Anayekutangazia CL tu amekuonyesha namba iliyo nzuri kwake.

Kisha kuna safari nzima. Ombi linatoka kwenye kiini cha prosesa, linapita kwenye kache (kumbukumbu ndogo zilizo ndani ya prosesa) za ngazi zote likikosa, linaingia kwa kidhibiti cha kumbukumbu, linakwenda RAM na kurudi. Kwenye kompyuta za mezani za sasa safari hiyo hupimwa kati ya nanosekunde 60 na 80 hivi. Nanosekunde 2 ulizookoa kwa kununua CL ndogo ni kipande kidogo cha hiyo. Na mara nyingi ombi halifiki RAM kabisa, linapata kitu chake kwenye kache. Prosesa ya AMD, Ryzen 7 7800X3D, ina megabaiti 96 za kache ya ngazi ya tatu, Ryzen 7 7700 ina 32. Ndiyo maana ya kwanza haijali sana umeipa RAM gani.

Nani anafaidika, basi? Mcheza gemu mwenye kadi ya michoro yenye nguvu anayetafuta fremu nyingi kwenye kioo cha 1080p, kwa sababu hapo prosesa ndiyo inayobana. Mtu anayecheza kwa 4K hatauona utofauti, maana kadi ndiyo inayohema. Anayeandika, anayefungua kurasa hamsini za kivinjari, anayehariri video: hao wanataka gigabaiti nyingi kabla ya gigabaiti zenye mbio. RAM ikijaa, kompyuta inaanza kupeleka vitu kwenye diski, na hata SSD nzuri inajibu mamia ya mara polepole kuliko RAM. Gigabaiti 16 za CL30 zilizojaa zinashindwa vibaya na gigabaiti 32 za CL36 zenye nafasi.

Makosa mawili yanayokula zaidi ya CL

La kwanza ni kununua kipande kimoja. Prosesa za kawaida za mezani zina chaneli mbili. Kipande kimoja kinatumia moja, na nusu ya njia inalala. Gigabaiti 8 mara mbili zinashinda 16 moja. Kwa prosesa zenye michoro ya ndani kama Ryzen 5 5600G, ambazo hazina kumbukumbu yao na zinachota kutoka RAM, hili si suala la asilimia chache. Gemu linaweza kutoka kuchezeka hadi kukera. DDR5 imeleta mkanganyiko mpya hapa: kipande chake kimoja kimegawanywa ndani kuwa chaneli ndogo mbili za biti 32, na CPU-Z inaonyesha 2 x 32-bit. Watu wanaona "2" wanafurahi. Mbili za 32 ni 64, ni chaneli moja ileile. Unataka kuona 4 x 32-bit.

Ukiwa na ubao mama wenye sloti nne, vipande viwili vinaingia sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, kwa kawaida zimeandikwa A2 na B2. Ukivichomeka sloti ya kwanza na ya pili, vyote viko chaneli moja.

Kosa la pili ni kutowasha wasifu wa spidi. RAM ya 6000 haiendi 6000 kwa kuchomekwa tu. Inawaka kwa spidi ya kawaida ya viwango, mara nyingi 4800 kwa DDR5, na 2133 au 2400 kwa vipande vingi vya DDR4 vilivyouzwa kama 3200 au 3600. Ile 1066 kwenye CPU-Z ndiyo hiyo. Ingia BIOS, yaani mipangilio ya ubao mama inayofunguliwa kabla ya Windows, tafuta XMP kwenye bodi za Intel, EXPO kwenye bodi za AMD za DDR5, DOCP kwenye bodi za ASUS za AMD za DDR4. Washa wasifu wa kwanza, hifadhi, toka. Kisha kwenye Windows fungua Task Manager, sehemu ya Performance, Memory, usome Speed. Wapo watu waliolipia CL30 miaka miwili iliyopita na bado wanaendesha 4800 CL40.

Spidi gani kwa bodi gani

Kwa Ryzen 5000 na nduguze wa DDR4, lenga 3600 CL18 au CL16. 3200 CL16 inatosha kabisa na mara nyingi ni nafuu. Ndani ya prosesa hizi kuna barabara inayounganisha viini na kidhibiti cha kumbukumbu, na inataka kwenda mwendo mmoja na saa ya RAM. Kwa vipande vingi vya prosesa mwendo huo unafika MHz 1800, ambao ni saa ya DDR4-3600. Ukiweka 4000, bodi inaweza kutenganisha miendo hiyo, kila ombi likaanza kungoja makutanoni, na RAM ghali ikawa nyuma ya ile ya 3600.

Kwa Ryzen 7000 na 9000, mahali pazuri ni 6000. AMD yenyewe ilisema hivyo prosesa hizi zilipotoka 2022. Kidhibiti kinaenda sambamba na RAM kwenye 6000, prosesa nyingi zinafika 6400, na juu ya hapo kwa kawaida kidhibiti kinashuka hadi nusu ya mwendo. RAM ya 7200 kwenye bodi hizi ni pesa iliyokwenda kwenye lebo. Kati ya 6000 yenye 30-36-36 na 6000 yenye 36-36-36, ningelipa tofauti ya bei ya chakula cha mchana, si ya diski nzima.

Intel kizazi cha 12 hadi 14 zinapokea DDR4 au DDR5 kulingana na bodi, si zote mbili kwa pamoja, na mkato wa kipande uko mahali tofauti kwa hiyo usilazimishe. Kwa DDR5, 6000 hadi 6400 ni salama na hakuna mtego mkubwa. Kwa DDR4, baki 3200 hadi 3600 na uhakikishe BIOS imeandika Gear 1. Kwenye Gear 2 kidhibiti kinakwenda nusu. Prosesa zisizo na herufi K huweza kugoma kwenye 3600 ya Gear 1. Bodi zenye chipseti ya H610 haziruhusu kuvuka spidi rasmi ya prosesa, kwa hiyo RAM ya haraka humo ni mapambo. Vivyo hivyo H310, B360 na B365, ambazo ukomo wake ni 2666.

Hilo linatuleta kwenye mashine za ofisi zilizotumika, zile OptiPlex, EliteDesk na ThinkCentre ambazo Nairobi zinauzwa kwa jina la ex-UK na ambazo wengi wanaanzia kujenga. Hazina XMP. Core i5-6500 inakwenda 2133, i5-7500 inakwenda 2400, i5-8500 inakwenda 2666, basi. Jambo linaloshangaza ni kwamba RAM ya gemu ya 3600 yenye kofia ya alumini na taa, ukiichomeka kwenye mashine yenye i5-8500, inaweza kuishia 2133, kwa sababu bila XMP hiyo ndiyo spidi iliyoandikwa kwenye kumbukumbu yake ya viwango. Kipande cha kawaida cha DDR4-3200 CL22, kisicho na kofia wala jina, kitajishusha hadi 2666 na kuishinda. Kwa mashine hizi nunua ya kawaida, nunua viwili.

Baada ya kuchomeka

DDR5 inapowashwa mara ya kwanza, au baada ya kubadili wasifu, bodi inajifunza vipande vipya na kioo kinakaa cheusi. Inaweza kuchukua dakika kadhaa, hasa kwenye AMD. Wengi wanadhani imekufa, wanazima, na kuanza upya kila kitu. Iache dakika kumi kabla ya kuchukua bisibisi.

Bodi ya AM5, soketi ya Ryzen 7000 na 9000, iliyotengenezwa 2022 au mwanzoni mwa 2023 isasishwe BIOS kabla ya kuwasha EXPO. Mwaka 2023 kulikuwa na visa vya prosesa za X3D kuungua kwa sababu bodi zilipandisha mno volti ya SoC, sehemu ya prosesa yenye kidhibiti cha kumbukumbu, wasifu huo ulipowashwa; AMD ikaweka ukomo wa volti 1.3 kupitia BIOS mpya.

Usijaze sloti nne za DDR5 kwa matumaini. Ryzen 7000 inaahidi rasmi 5200 kwa vipande viwili, na 3600 tu kwa vinne. Ukitaka 64, nunua 32 mara mbili.

Kuwaka si uthibitisho. RAM iliyosukumwa kupita uwezo inaweza kufungua Windows vizuri, kisha gemu likajifunga lenyewe baada ya saa moja, au faili la zipu likagoma kufunguka wiki ijayo. Weka Memtest86+ kwenye flashi, washa kompyuta kupitia hiyo, iache imalize angalau mzunguko mmoja kamili. Usiku kucha ni bora. Kosa hata moja ni kosa. Likitokea, shusha spidi hatua moja, 6000 iwe 5800 au 5600, uache namba nyingine zilivyo, upime tena. Bado kuna makosa? Pima kipande kimoja kimoja kwenye sloti ileile, ujue kama ni kipande au ni sloti.

Na yule mwenye kipande kimoja cha 3200 CL16 anayetaka kuongeza mwenza wa aina ileile aliyekutwa duka jingine: kinaweza kufanya kazi, lakini watengenezaji hubadilisha chipu za ndani bila kubadilisha lebo, na viwili hivyo vitakwenda kwa mwendo wa aliye mzito. Mwambie muuzaji mapema kwamba utavipima pamoja, na mkubaliane kuhusu kurudisha kabla hajakukatia risiti.